Lebo Niliyoibadilisha

Siku kaka yangu alipofariki ilikuwa Jumatano, na kompyuta yake ilikuwa inawaka mezani. Alikuwa ametoka kidogo tu. Jirani alimwomba amsaidie kufunga antena, naye akamjibu, "Dakika kumi tu, kisha nirudi kwenye kazi yangu." Kaka alikuwa na kifafa tangu utotoni. Lakini alikuwa hajapata kifafa kwa miaka mitatu, kwa sababu alimeza dawa zake sawasawa. Ndiyo maana alithubutu kupanda ngazi. Kifafa kilimjia akiwa kule juu.

Jioni ile Mama aliingia chumbani kwake. Alinyoosha mkono nyuma ya meza, akachomoa waya wa umeme. Kisha akachukua shuka safi, akaifunika kompyuta yote: skrini, boksi na kibodi.

"Hapa pasiguswe," alisema.

Hapakuguswa kwa miezi minne.

Mtaani walimwita kaka Bisibisi, kwa kuwa mfuko wa shati lake haukukosa bisibisi hata akienda msibani. Alitengeneza kompyuta za watu. Lakini kazi aliyoipenda zaidi ni programu aliyoiandikia zahanati yetu. Mwaka mmoja alipewa dirishani dawa kwa dozi ya mtu mwingine, akalala siku mbili kama gogo. Alipoamka hakugombana na mtu. Alikaa miezi mitano akaandika programu. Muuguzi anaandika namba ya mgonjwa, na programu inamwonyesha jina, dozi na idadi ya vidonge vya kumpa.

Mimi ni mdogo wake. Nimesoma hadi sekondari. Nina duka la kuchapa barua na kutoa nakala, karibu na zahanati. Kaka alinifundisha kujenga kifurushi cha programu yake, ili siku akiwa hayupo kazi isisimame. Alikuwa akimaanisha siku akiwa na safari.

Kujenga kifurushi ni hivi. Programu huandikwa kwanza kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma. Maneno hayo huitwa msimbo. Kompyuta haiwezi kuyatumia jinsi yalivyo. Ni lazima yageuzwe kuwa maagizo ya kompyuta, kisha yafungwe pamoja katika faili moja. Faili hiyo ndiyo kifurushi. Unaibeba kwenye flashi, unaisakinisha kwenye kompyuta nyingine, na programu inafanya kazi. Hatua zote kaka aliniandikia kwenye daftari.

Ijumaa moja Sista alikuja dukani kwangu. Sista ndiye muuguzi mkuu wa zahanati. Hakukaa.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Nina shida. Vidonge vya kifafa vimeletwa vipya. Vya zamani vilikuwa vya miligramu mia moja. Hivi ni vya mia mbili."

Nilimwelewa hapohapo. Kaka alikuwa ameiandika ile mia moja ndani ya msimbo. Mtu wa miligramu mia nne, programu ingesema apewe vidonge vinne. Kwa vidonge vipya, hiyo ni dozi mara mbili.

"Kliniki ni lini?"

"Jumatatu. Watu hamsini na wanane. Na usiniambie nirudi kwenye kadi. Kadi mara ya mwisho ziliandikwa mwaka juzi. Nusu ya watu wamebadilishiwa dozi tangu hapo. Ukweli wote umo kwenye kompyuta."

"Nitabadilisha namba hiyo, nijenge kifurushi kipya," nilisema. "Kesho nitakileta."

Sista alinitazama. "Unaweza?"

"Naweza. Kaka alinifundisha."

Nilikuwa na msimbo kwenye flashi. Kompyuta ya kaka ilikuwa chini ya shuka, kwa hiyo nilitumia ya dukani. Ni kompyuta ya mezani, lakini ndogo kama kamusi. Niliinunua mwezi mmoja baada ya msiba. Nilifuata daftari neno kwa neno. Niliifuta mia moja, nikaandika mia mbili. Nilijenga. Kifurushi kilitoka bila tatizo lolote. Nilijisikia kama kaka yuko nyuma yangu ananichungulia.

Jumamosi asubuhi nilienda zahanati na flashi shingoni, na ile kompyuta yangu ndogo kwenye mkoba. Zahanati ina kompyuta tatu. Moja iko mapokezi, na ndiyo inayotunza orodha ya wagonjwa. Ya pili iko kwenye chumba cha mganga. Hizo mbili ni za zamani, zenye maboksi makubwa. Ya tatu ni mpya na ndogo, iko dirisha la dawa. Hiyo ililetwa baada ya kaka kufariki, na ilikuwa haijawekwa programu.

Nilianza na dirisha la dawa. Kifurushi kiliingia. Programu ikafunguka, ikaonyesha orodha yote ikitoka mapokezi.

"Haya," alisema Sista. "Damu ni damu. Umefanana naye."

Nilienda mapokezi nikiwa natabasamu. Pale kompyuta ilikataa. Iliandika kwamba aina ya kifurushi hailingani na kompyuta hii.

Nilijaribu tena. Ikakataa tena.

"Kuna nini?" Sista aliuliza.

"Imezeeka tu. Inajifanya mkaidi."

Nilisema hivyo kwa sababu kifurushi nilikuwa nimekiona kikifanya kazi kwa macho yangu. Kwa hiyo niliona kosa ni la kompyuta. Nilifungua daftari. Kila kifurushi kina karatasi yake ndogo ndani, kama lebo, inayotaja jina la programu, toleo lake na aina ya kompyuta inayokifaa. Kaka alikuwa ameandika kwamba mahali pa aina, mtu anaweza pia kuweka neno linalomaanisha kompyuta zote. Nikajiambia, si ndiyo hiyo ninayoitaka? Nilitoa kompyuta yangu mkobani, nikabadilisha lebo iseme zote, nikafunga kifurushi upya.

Safari hii mapokezi walikipokea. Sikusubiri kukifungua. Nilikimbilia chumba cha mganga, nikakisakinisha pale pia. Nilitaka kumaliza kabla Sista hajaanza kuwa na wasiwasi.

Kisha nilirudi mapokezi, nikabonyeza programu. Kimya. Nikabonyeza tena. Skrini ikaandika kwamba faili haiwezi kutekelezwa. Chumba cha mganga, vivyo hivyo. Na programu ya zamani, ile ya kaka iliyokuwa ikifanya kazi tangu mwanzo, haikuwepo tena. Kifurushi kipya kilipoingia, cha zamani kiliondolewa, na nakala yake sikuwa nayo.

Sista aliita kutoka dirisha la dawa. "Mbona huku orodha imekuwa tupu?"

Orodha ilitolewa na programu ya mapokezi, na programu ya mapokezi nilikuwa nimeiua mimi.

"Majina yamefutika?"

"Hapana, Sista. Majina yamo. Ila hakuna wa kuyafungulia mlango."

Alivuta kiti, akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa. "Mwanangu, nisikilize. Nilimwamini kaka yako, nami nakuamini wewe. Lakini hawa ni watu wa kifafa. Nikiwapunguzia wataanguka barabarani. Nikiwazidishia, nitawalaza. Kesho saa kumi jioni nafunga hapa. Kama haijafunguka, napeleka barua wilayani, watume mtu wao aje na programu yao. Hii ya kaka yako itaondoka. Sitakuwa na namna."

"Na Jumatatu utawapa nini?"

"Nitawaomba wakumbuke dozi zao wenyewe. Nitasali."

Nilitoka pale. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Dada Waya.

Dada Waya ni fundi wa kompyuta na redio, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Huning'iniza nyaya shingoni kama tai. Yeye na kaka walitaniana miaka yote. Kaka alimwita Shoti, naye alimwita kaka Fundi wa Nadharia. Nilimkuta sakafuni na kompyuta iliyofunguliwa vipande vipande.

"Hiyo sura vipi?" aliuliza. "Hebu niambie ulichofanya. Na usiniambie hukufanya kitu. Wateja wote husema hivyo."

Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye lebo, aliacha kazi yake.

"Ulibadilisha lebo."

"Ndiyo."

"Ili kompyuta inyamaze."

"Ndiyo, Dada."

Hakunicheka. Angenicheka ningepata nafuu. Aliokota kipande kidogo cha mraba kutoka kwenye ile kompyuta, akakiweka kiganjani mwangu. Upande wa chini kilikuwa na vitone vingi vya dhahabu.

"Hii ni prosesa. Kila kompyuta ina yake. Hii ndiyo inayofanya kazi yote, vingine ni wasaidizi. Sasa, prosesa haisomi msimbo wa kaka yako. Inasoma maagizo mafupi mafupi ya lugha yake. Na prosesa si zote zina lugha moja. Kuna koo mbalimbali. Ulipojenga kifurushi kwenye kompyuta yako, msimbo uligeuzwa kuwa lugha ya prosesa gani?"

"Ya kompyuta yangu."

"Washa hicho kidude chako. Andika uname, acha nafasi, kistari, kisha m."

Niliandika uname -m. Kompyuta yangu ikajibu: aarch64.

"Huo ni ukoo mmoja. Kesho ukiandika hivyohivyo kwenye kompyuta za zamani za zahanati, nakuhakikishia itakuja x86_64. Huo ni ukoo mwingine kabisa. Dirisha la dawa ni ukoo mmoja na yako, ndiyo maana pale ilifunguka."

"Lakini mapokezi walikubali baadaye."

"Walikubali kwa sababu uliwadanganya. Ile lebo ni askari wa mlangoni. Kazi yake ni kuuliza, hiki kifurushi ni cha ukoo huu? Ulipoandika zote, ulimwambia askari asiulize. Kilichomo ndani kilibaki kilekile. Neno hilo lipo kwa vifurushi vyenye picha tupu, au maandishi, au programu ambazo hazigeuzwi. Hiyo ya kaka yako inageuzwa."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Jenga kwenye kompyuta ya ukoo wa x86_64. Inawezekana pia kujengea ukoo mwingine kwenye hiyo yako, lakini inataka vifaa vingi vya kupakua, na mtandao wetu unaujua. Halafu utakijaribu wapi? Yangu ndiyo hii unaiona utumbo nje. Za wateja siwezi kuzigusa." Aligeuka kutazama upande wa nyumba yetu. "Ya Bisibisi ni ukoo huo. Tena ndiko ilikojengwa tangu mwanzo. Kila kinachohitajika kimo."

"Mama hatakubali."

"Umemwuliza?"

Sikuwa nimemwuliza kwa miezi minne.

Mama ni fundi cherehani. Tulimkuta barazani anapinda suruali. Dada Waya alimsalimia, akabaki amesimama kwenye ngazi. Mimi nilisema nilichokuja kusema. Mama hakuacha kukanyaga cherehani.

"Hapana."

"Mama, ni kwa ajili ya zahanati."

"Kompyuta ngapi ziko mtaa huu? Kwa nini iwe hiyo?"

"Si kila kompyuta inafaa."

"Kompyuta ni kompyuta. Nyie vijana mnapenda kukuza mambo." Aligeuza kitambaa. "Kile ni kitu cha mwisho alichokishika akiwa mzima. Vumbi la vidole vyake limo. Mkiingia pale, mtakuwa mmekifuta."

Nilitaka kuondoka. Dada Waya ndiye aliyezungumza.

"Mama, hiyo sindano uliyoweka hapo, ukimpa fundi wa kiwanda cha sare ataitumia?"

Mama alimtazama kama mtu aliyetukaniwa kazi. "Ataitumiaje? Hii ya nyumbani shina lake lina upande bapa. Za kiwandani ni mviringo. Haikai."

"Na nikichukua pakiti ya sindano zako, nikabandika juu karatasi imeandikwa za mashine zote?"

"Utakuwa mwongo tu. Sindano haijui kusoma." Mguu wake ulisimama. Alinigeukia. "Ndicho ulichofanya?"

"Ndicho nilichofanya, Mama."

"Na watu wa Jumatatu?"

"Hamsini na wanane. Bila ile programu, Sista atagawa dawa kwa kubahatisha."

Mama alikata uzi kwa meno. Kisha akainuka.

"Shuka nitaitoa mwenyewe. Msiivute. Na kiti chake msikikalie, chukueni cha mezani."

Aliikunja shuka mara nne, akaishika kifuani. Nilichomeka waya wa umeme. Feni ikaanza kuvuma, nasi sote watatu tukaisikia sauti ile tuliyokuwa tumeizoea kila asubuhi. Skrini iliwaka. Maandishi yakapita. Kisha yakasimama.

Dakika tano. Dakika kumi. Hakuna kilichosogea.

"Imekufa?" Mama aliuliza.

"Ilizimwa ghafla ikiwa kazini," alisema Dada Waya. "Inakagua diski yake."

"Niliizima mimi. Nilichomoa waya." Sauti ya Mama ilikuwa ndogo. "Nimeiharibu?"

"Bado sijui, Mama. Tuiache ijikague. Tukiikatiza ndipo tutakapoiharibu kweli."

Tulikaa dakika arobaini tukitazama mstari mmoja mweupe. Mama hakukaa. Hatimaye mstari ulihama, na picha aliyoiweka kaka kwenye skrini ikajitokeza. Ilikuwa picha ya bisibisi. Dada Waya alicheka kwa pua, kisha akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Jambo la kwanza alilonifanya niandike ni uname -m. Ikajibu x86_64. Jambo la pili, aliniambia nirudishe lebo iseme kweli. Jambo la tatu, tulijenga. Yeye ndiye aliyekaa kwenye kibodi hapo, kwa kuwa mimi niliogopa kukosea tena. Kifurushi kilitoka, tukakifungua palepale, programu ikafunguka. Tukajenga kingine kwenye kompyuta yangu kwa ajili ya dirisha la dawa. Nacho tulikipa lebo ya kweli.

"Viwili," alisema Dada Waya. "Msimbo mmoja, vifurushi viwili. Kila kimoja na ukoo wake. Usivichanganye hata kwenye flashi."

Jumapili saa tano asubuhi tulikuwa zahanati. Kabla ya kusakinisha chochote, niliandika lile neno kwenye kompyuta zote tatu, nikayaandika majibu kwenye karatasi. Mapokezi x86_64. Mganga x86_64. Dirisha la dawa aarch64. Ilinichukua dakika nne. Dakika nne ambazo Jumamosi sikuzitoa.

Mapokezi, programu ilifunguka. Orodha ikatokea, majina yote. Dirisha la dawa nako majina yakarudi. Sista alipumua kwa sauti.

Chumba cha mganga, programu ilifunguka. Nikaandika namba ya mgonjwa. Ikafunga yenyewe. Nikaifungua tena, nikaandika namba. Ikafunga. Safari hii iliacha ujumbe kwamba kuna agizo lisilojulikana.

Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu.

"Si mlisema ukoo ni mmoja?" Sista aliuliza.

Dada Waya aliinama akasoma ujumbe. Kisha akaandika amri nyingine, ikaonyesha maelezo ya prosesa. Alijigonga paji la uso.

"Hili kosa ni langu," alisema. "Usimlaumu mtoto wa watu. Mimi nina mazoea. Ninapojenga, huiambia kompyuta igeuze msimbo kwa maagizo yote mapya inayoyajua prosesa yake yenyewe, ili programu iende mbio. Nilifanya hivyo jana bila kufikiri. Ya Bisibisi ni ya juzijuzi. Hii ya mganga ni ukoo uleule, lakini ni ya miaka mingi nyuma. Ni kama babu na mjukuu. Lugha ni moja, ila mjukuu ana maneno ambayo babu hakuwahi kuyasikia. Ilipofika kwenye hesabu, ikakutana na neno hilo, ikakata tamaa."

"Kwa hiyo?" Sista alisema.

"Kwa hiyo tunajenga kwa lugha ya babu. Mjukuu ataielewa. Itakuwa nzito kidogo, lakini kwa kugawanya miligramu nani ataona?"

"Na ile ya mapokezi, iliyofunguka?"

"Tunaibadilisha pia. Leo imefunguka. Kesho mkipiga hesabu nyingine, sijui."

Nilikimbia nyumbani. Dada Waya alibaki, kwa sababu Sista alimwambia, "Wewe ubaki hapa nikuone." Nadhani alitania. Nilikuta Mama amekaa kwenye mlango wa chumba cha kaka, kama mlinzi.

"Imekubali?"

"Bado moja."

Nilifungua daftari. Pale kwenye ukurasa wa kujenga, pembeni, kaka alikuwa ameandika kwa penseli: Jenga kwa ile kongwe kuliko zote. Nilikuwa nimeuona mstari huo mara nyingi. Nilidhani ni utani wake. Nilikaa kwenye kiti cha mezani, nikaondoa agizo la Dada Waya, nikajenga mwenyewe.

Nilirudi zahanati saa tisa kasoro dakika tano. Nilisakinisha kwanza kwenye ile kongwe ya mganga. Sikwenda kokote. Niliifungua palepale, nikiwa nimesimama.

"Tujaribu na namba gani?" niliuliza.

"Yoyote," alisema Sista. "Andika kumi na saba."

Niliandika kumi na saba. Programu haikufunga. Lilitokea jina la kaka yangu. Sista hakuwa amelitoa kwenye orodha. Dozi: miligramu mia nne. Chini yake iliandikwa: vidonge viwili.

Kwa miaka mitatu mstari ule ulisema vinne.

Kisha Sista akavuta karatasi na kalamu. "Namba ishirini," alisema. Alipiga hesabu kwa mkono, nami nikasoma skrini. Zikalingana. Tulifanya hivyo kwa watu kumi, pamoja na wawili wenye nusu kidonge. Zote zililingana. Tukahamia mapokezi na kifurushi kilekile, tukarudia. Dirisha la dawa, kwa kifurushi chake, tukarudia.

Saa kumi kasoro dakika kumi Sista alizima taa za mapokezi. Barua ya wilayani ilikuwa mezani, imeandikwa lakini haijasainiwa. Aliikunja, akaitumia kuzuia dirisha lisijifunge.

"Kumbe Fundi wa Nadharia alikuwa anajua kazi," Dada Waya alisema tukiwa njiani.

"Angekusikia, angejivuna mwaka mzima."

"Ndiyo maana nimengoja."

Jumatatu walikuja watu hamsini na sita. Wawili walikuwa safarini, wakatuma ndugu zao. Kila mmoja aliambiwa dirishani kwamba vidonge vimebadilika, kwamba sasa ni vichache lakini dozi ni ileile. Mama mmoja alibishana sana, akidai ameibiwa vidonge. Sista alimgeuzia skrini, akamwonyesha hesabu.

Sasa karatasi yangu imebandikwa ukutani mapokezi. Ina safu tatu: kompyuta iko wapi, prosesa yake ni ya ukoo gani, na kifurushi chake kilijaribiwa lini. Kompyuta ya kaka huwashwa kila Alhamisi, na huzimwa taratibu, kwa kubonyeza, si kwa kuchomoa. Namba kumi na saba imewekwa alama kuwa ni ya majaribio. Zahanati ya ng'ambo ya barabara kuu imetuomba programu hiyo. Niliwaambia waandike lile neno fupi na wanitumie jibu, wakanitumia: i686. Dada Waya anasema huo ni wa zamani kuliko hata babu. Kifurushi chao bado hatujawapa. Hatujapata kompyuta ya kukijaribia.